Hoteli Ambayo Mjomba Angeichagua

Mjomba wangu mdogo hakunitajia hoteli. Nimeyarudia maneno yake kichwani mara nyingi mno, kiasi kwamba ninaweza kuyaandika yote kwa mpangilio wake, pamoja na mahali alipokohoa na mahali alipogeuka kutazama nyuma, na bado jina la hoteli halimo.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, mwezi wa Julai, katika kituo cha mabasi cha mji ambako nilikuwa nikisomea shahada ya uzamili. Mji huo ulikuwa upande wa pili wa mpaka, ule ambao sisi watu wa Busia tuliuita ng'ambo tu, kana kwamba hauna jina. Wanajeshi walikuwa wameingia katika mabweni yetu mara mbili wiki ile. Mwalimu aliyesimamia tasnifu yangu hakuwa ameonekana ofisini tangu Jumatatu, na miwani yake ilikuwa bado mezani. Mjomba alikuwa karani wa reli, mgane asiye na mtoto, na ndiye aliyenipa chumba nyumbani kwake tangu nilipoanza masomo huko. Alfajiri ile alifunga daftari langu ndani ya kitenge, akanisindikiza hadi kituoni, akavua koti lake refu la kijivu na kunivika. Koti lilikuwa na vifungo vinne. Vitatu vilikuwa vyeusi. Cha tatu kutoka juu kilikuwa cheupe, alichokishona mwenyewe baada ya kile cha asili kupotea.

"Tangulia," aliniambia. "Namalizia mambo ya ofisi halafu nakuja. Nikichelewa sana, Krismasi."

"Na tusipokuona mpaka Krismasi?"

"Krismasi tunakula hoteli. Mama yako amepika miaka yote, mwaka huu akae chini apakuliwe. Tafuta hoteli nzuri. Nitawakuta huko huko."

"Hoteli gani, Mjomba? Ya Busia au ya Malaba?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha puani, kama mtu anayejizuia kanisani. "Si wewe ndiye msomi? Chagua ile ambayo mimi ningechagua."

Basi likaondoka. Niligeuka kumpungia mkono, lakini kioo kilikuwa kimejaa mvuke.

Barua haikuja. Mnamo Septemba, mama mmoja aliyevusha ndizi kutoka ng'ambo alifika nyumbani kwetu Mundika, akakataa kiti, akazungumza akiwa amesimama. Alikuwa amepita kwa Mjomba kama tulivyomwomba. Alikuta mlango wazi, sufuria ikiwa juu ya jiko na ugali umekauka ndani yake, viatu vya kazini vimepangwa karibu na kitanda. Majirani walimwambia aende zake haraka. Hakuna aliyesema kwamba Mjomba alikufa, na hakuna aliyesema kwamba alikuwa hai.

Mama hakulia. Mjomba mdogo alikuwa kitinda mimba wa kwao. Mama ndiye aliyembeba mgongoni hadi akajua kutembea. Alichofanya ni kuanza kupakua sahani moja ya ziada kila jioni, na hapo ndipo kaka yake mkubwa alipokuja kutoka Bumala, ambako ndiko kwao, kumkataza.

"Dada, hiyo uwache," alisema, akiwa bado mlangoni. "Sahani ya mtu hajulikani yuko wapi haiwekwi ndani ya nyumba. Unaita nini? Unajua kitakachoitika?"

Mjomba mkubwa alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa tai na Biblia, lakini kuhusu mambo ya namna hii hakuwa na mzaha. Alikuja na jambo jingine pia. Mtu wa kwetu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa gogo la mgomba lenye urefu wake, likavishwa, likalazwa kaburini na kuombolezwa kama yeye, ili asitangetange. Wazee walikuwa wameafikiana. Wangemzika Mjomba mdogo hivyo, mwaka usigeuke akiwa bado njiani.

"Aliahidi Krismasi," Mama akasema.

"Dada."

"Aliahidi. Alimwambia huyu." Akanielekeza kidole. "Tunakula hoteli, na yeye anatukuta. Hoteli si nyumbani kwangu, na sahani za hoteli si zangu. Hapo nitampakulia na hutanikataza. Asipokuja, kata mgomba wako."

Mjomba mkubwa alimtazama Baba kutafuta msaada. Baba alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu, kazi iliyomchukua muda mrefu isivyo kawaida.

"Huyu dada yangu," Mjomba mkubwa alisema mwishowe, "angekuwa wakili, mahakama zingefungwa." Lakini alikubali. Ikapangwa kwamba asipotokea Krismasi, atazikwa siku ya pili baada yake.

Hivyo ndivyo uchaguzi wa hoteli ulivyoniangukia. Ndugu zangu watatu waliuona kama jambo la kufurahisha: walibishana kuhusu kuku na soda. Mimi nililiona kwa namna tofauti. Ikiwa Mjomba alikuwa hai, mahali fulani, akijificha na kuhesabu siku, basi alikuwa akienda kwenye hoteli ambayo alidhani mimi ningedhani kwamba yeye angeichagua. Nikikosea, angefika pengine, angekuta meza tupu, angerudi alikotoka, nasi tungemzika mtu anayepumua. Sikuwahi kupewa mtihani mgumu kuliko huo, na wala hapakuwa na wa kuusahihisha.

Hoteli zilizofaa zilikuwa mbili tu, moja Busia na nyingine Malaba, mji mwingine wa mpakani. Niligawa ukurasa wa daftari kwa mstari wa rula.

Ya Busia ilikuwa na veranda pana iliyotazama barabara inayotoka mpakani. Mtu aliyekaa pale aliweza kumwona kila anayevuka, wakiwemo waendesha baiskeli za boda boda na abiria wao waliokaa upande juu ya mito ya kukalia iliyofungwa nyuma, kwenye karia. Samaki wao aina ya ngege walitoka ziwani asubuhi ile ile, na Mjomba alimpenda ngege kiasi cha kumla hadi macho. Tena hakupenda kula mahali penye mlango mmoja, na veranda ilikuwa wazi.

Ya Malaba ilikuwa ndani ya jengo la matofali karibu na reli. Milango miwili, pazia za maua, pilau na kuku. Ukiwa mezani ulisikia mabehewa yakigongana. Mjomba alikuwa mtu wa reli. Alijua kila mtu katika njia ile, na kama kulikuwa na mtu wa kumficha katika behewa la magunia, angekuwa mtu wa reli.

Nilizitembelea zote mbili. Busia nilikunywa soda moja, sikuweka nafasi, sikumwambia mtu idadi yetu. Nilivaa gauni la kijani na sweta nyeusi. Ninalitaja hilo kwa sababu baadaye nililazimika kuwa na hakika nalo. Malaba nilikaguliwa na mwenye hoteli, mama mnene mwenye funguo shingoni, aliyetaka kujua ni sherehe gani.

"Ya familia," nikasema. "Tutakuwa tisa."

"Kuna watoto wadogo?"

"Hapana. Watu wazima na vijana. Tisa."

"Dada, unasema tisa kama mtu anaapa," alisema, akaandika.

Nilichagua Malaba. Siku ile nilikuwa na sababu kumi na moja, na leo ninaweza kuziangusha zote kwa moja: sikutaka kukaa veranda ya Busia na kuitazama ile barabara. Nilikuwa nimeipita Julai nikikimbia, na hofu ile ilikuwa haijaniisha.

Siku ya Krismasi jirani mmoja alitupeleka kwa pikapu yake baada ya ibada. Tulikuwa wanane: Baba, Mama, Mjomba mkubwa na mkewe, ndugu zangu watatu, nami. Nilibeba koti la kijivu ambalo lilikuwa sandukuni tangu Julai, maana jioni za Malaba zina upepo na yeye angefika na nguo za njiani. Mama alilipokea, akalivisha kiti cha tisa, akanyoosha mabega yake kwa viganja vyote viwili, kama afanyavyo mama mbele ya lango la shule.

Chakula kililetwa saa tisa kamili. Nilitazama saa. Mama alipakua pilau katika sahani iliyokuwa mbele ya koti, akaweka paja la kuku, akaondoa, akaweka kidari.

"Paja halipendi," alieleza, bila kumlenga mtu.

Jua lilikuwa kali. Mwanga uliingia kwa milango yote miwili na kukutana sakafuni. Nje mtu alikuwa akipiga redio, na mabehewa yaligongana mara moja, yakanyamaza. Mlango mmoja ulipotiwa kivuli tuligeuka sote wanane, kwa pamoja, na mtu aliyeingia, msafiri na begi lake, alisimama akajitazama kama aliyevaa nguo kinyume.

"Kuleni," Baba alisema. "Mnamtisha mgeni wa watu."

Tulikula. Ndugu yangu wa mwisho alisema pilau ina chumvi kidogo, mke wa Mjomba mkubwa akamwambia alie juu yake basi, na tulicheka zaidi ya mzaha ulivyostahili. Sahani ya tisa ilipoa na mafuta yakaganda pembeni yakawa meupe. Saa kumi na nusu Mjomba mkubwa aliweka mkono juu ya mkono wa Mama. Mama akaitikia kwa kichwa.

Nilipolichukua koti kitini, lilikuwa limelowa.

Halikuwa limemwagikiwa. Soda hunata, na mchuzi huacha rangi. Haya yalikuwa maji matupu, mabegani na juu ya mgongo, na machache kwenye mikono, namna nguo inavyolowa kwa mtu anayetembea mvuani.

"Ukuta huo," Baba alisema. "Matofali hunywa maji."

Nikaugusa ukuta kwa kiganja. Ulikuwa mkavu, na wenye joto la jua.

Sikulala vizuri. Asubuhi Mama alianika koti uani, nami nikapanda baiskeli ya boda boda kutoka Mundika hadi Busia mjini. Nilijiambia kwamba ninafuta tu shaka iliyobaki, kama mtu anayehakiki tanbihi ambayo tayari anajua ni sahihi.

Veranda ilikuwa na wateja wawili, mawakala wa forodha waliokuwa wakigombania gazeti. Weita, mtu wa makamo mwenye taulo begani, alinifuta kiti.

"Mzee wangu," nilimwuliza, "jana kuna mtu alikuja hapa kutafuta familia?"

Aliacha kufuta. "Kumbe ni nyinyi! Mlikuwa wapi nyinyi watu?"

"Malaba."

"Malaba! Krismasi mtu anaenda Malaba kufanya nini? Huyo mzee amewangoja hapa mpaka nikamhurumia. Alikuja mvua ikinyesha, ile kubwa, hapa barabara ilikuwa mto. Amelowa mpaka anatiririka. Nikamwambia, mzee, vua hiyo koti nianike jikoni. Akakataa."

Nilimwuliza ilikuwa saa ngapi. Saa tisa, alisema. Redio ilikuwa ndiyo inasoma habari.

"Aliagiza nini?"

"Chai tu. Nikamwambia ngege iko, tena mkubwa. Akasema, hapana, nitakula na watu wangu, wako wanane. Akakaa hapo." Alionyesha meza ya pembeni, yenye kona ya veranda mgongoni na barabara mbele. "Chai ikapoa. Kama saa kumi na nusu hivi, nimegeuka kumhudumia mtu, nikirudi hayuko. Na sikumwona akishuka ngazi, dada, na mimi macho yangu ni ya weita."

"Hiyo koti," nilisema, "ilikuwa ya namna gani?"

"Ndefu. Rangi ya majivu. Nilicheka kidogo na moyo wangu, kwa sababu vifungo havikuwa ndugu." Akagusa kifua chake mwenyewe, akihesabu kwa kidole kutoka juu. "Hii ya tatu ilikuwa nyeupe."

Mmoja wa wale mawakala alikunjua gazeti.

Nilitembea kwa miguu kurudi Mundika, nikijaribu kila maelezo. Weita hakuwahi kuliona koti lile, kwa sababu siku ya soda nilivaa sweta. Hakujua tuko wanane. Mtu aliye hai angeweza kuja Busia amelowa na kuwangoja watu wanane. Hilo lilikuwa tumaini, na nililishika kwa nguvu zangu zote. Lakini mtu aliye hai asingekuwa na koti ambalo saa ile ile lilikuwa kitini Malaba, mbele ya macho yangu. Kila nilipofika hapo nilianza upya.

Nilimkuta Mjomba mkubwa ameketi uani na Mama. Alikuwa amekuja kutuchukua kwa maziko ya kesho. Mgomba ulikuwa umeshachaguliwa. Niliwaeleza yote bila kupunguza. Mjomba mkubwa alisimama kabla sijamaliza.

Mama aliuliza swali moja tu. "Alikula?"

"Hapana, Mama. Chai peke yake. Alisema atakula na watu wake."

"Basi hazikwi kesho."

"Dada, tulikubaliana mbele ya watu!"

"Tulikubaliana asipokuja. Amekuja. Sisi ndio hatukuwepo. Unataka kumlaza na njaa?"

Mjomba mkubwa alinigeukia kwa ukali ambao sasa najua ulikuwa hofu. "Wewe. Umesoma kutupita sote hapa. Niambie na akili yako: aliyekaa pale alikuwa nani?"

Ningeweza kumpa jibu lolote. Ningesema weita amechanganya mambo, na Mama angenyamaza, na kesho ingekuwa kesho. Ningesema yu hai, na Mama angepakua sahani hadi uzee.

"Sijui, Mjomba," nilisema. "Ninachojua ni kwamba alilowa, na hakula."

Alitazama kamba ya nguo. Koti lilikuwa hapo tangu asubuhi, katika jua la Desemba, na karibu yake mashuka yaliyofuliwa mchana yalikuwa yamekauka hadi kukakamaa. Alikwenda akaweka mkono begani mwa koti. Aliutoa, akautazama, akaufuta kwenye suruali.

"Siku moja," alimwambia Mama. "Moja tu."

Siku iliyofuata tulifika Busia adhuhuri, wote wanane. Weita hakuuliza maswali. Aliunganisha meza tatu kuanzia ile ya pembeni, akapanga viti tisa, akaleta ngege waliokaangwa, na ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo. Mama alikaa jirani na kiti cha pembeni na kukivisha koti. Alichagua samaki mkubwa kuliko wote, akamgeuza ili kichwa kielekee mlaji.

Tulizungumza naye, si kwa sauti ya maombi. Baba alimwambia kwamba paa la ghala limeanza kuvuja. Mke wa Mjomba mkubwa alimwambia mimi ndiye wa kulaumiwa, nimesoma hadi nikashindwa kuchagua hoteli ya samaki, na Mjomba mkubwa alicheka, kicheko cha puani, kile kile, ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Kisha akajifuta macho kwa tai.

Mimi, ninayehesabu kila kitu, nilitazama barabara muda wote. Sikuiangalia sahani ya tisa mara hata moja. Nilijua kwamba nikiitazama nitajua jambo fulani, na kwamba nikishalijua nitalichunguza hadi kisibaki chochote.

"Nitoe sahani, mama?" weita aliuliza.

"Toa."

"Zote?"

Mama alitazama sahani ya tisa. "Zote," alisema. "Ameshiba."

Kesho yake, Bumala, waliliteremsha gogo la mgomba kutoka mabegani mwa wanaume wawili na kulilaza juu ya mkeka. Lilikuwa na urefu wake. Mjomba mkubwa alikuwa amelipima kwa suruali ya zamani. Mama alipiga magoti kulivisha koti. Alianza kufunga vifungo kutoka chini, cheusi, kisha kile cheupe, na hapo vidole vyake vikashindwa. Akaniita nimsaidie.

Nilipiga magoti, nikafunga viwili vya juu. Kabla hawajalifunika, niliweka kiganja begani.

Lilikuwa kavu.